Yai la Siku ya Sindano

“Katika nyumba hii hatochomwa mtu chuma,” Bibi alisema, akaisukuma mbuzi ya kukunia nazi kwa kishindo hadi kifuu kikabingirika mpaka mlangoni.

“Si chuma, Mama. Ni sindano,” mama yangu akajibu.

“Na sindano inafuliwa kwa nini? Kwa unga wa muhogo?”

“Daktari amesema kila wiki ya nne. Tukikosa, moyo utaharibika.”

“Daktari amekaa na mtoto huyu muda wa kuchemsha chai. Mimi nimekaa naye tangu alipotoka tumboni mwako. Wewe umezaa, mimi nimelea.”

“Sijakataa, Mama. Lakini leo atakwenda.”

“Aende! Akirudishwa amebebwa, usije kunililia mimi.”

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi nilisimama katikati ya maneno hayo nikiwa na sare yangu ya shule na kadi ya kijani ya dada yangu mkononi. Dada Mwajuma, ambaye ndiye aliyekuwa akigombaniwa, alikaa kwenye kigoda akichambua mchele kama vile habari ile ilimhusu mtu mwingine. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Bibi ni mama yake baba, na nyumba ni yake, kwa hiyo mama yangu hakuwa na kawaida ya kumjibu. Siku ile alimjibu, tena bila kuinamisha uso. Mimi niliona ameshinda. Imenichukua miaka mingi kujua kwamba mtu anaweza kushinda kwa mdomo na ndani akabaki anatetemeka.

Kwetu ni Kirongwe, ndani kidogo ukiacha barabara iendayo Kilindoni. Tunalima muhogo, tuna minazi michache na mikorosho, na Mama anasuka makuti ya kuezekea. Baba wakati ule alikuwa dago, yaani kambi ya wavuvi kule upande wa Ras Mkumbi, na alikuwa akirudi baada ya wiki kadhaa, akakaa siku tatu, akaondoka. Mambo ya nyumbani aliyasikia yakiwa yamekwisha kuamuliwa. Waliokuwa wakiamua ni Bibi na Mama.

Ugonjwa ulianzia kooni. Mwajuma aliumwa koo, akashindwa kumeza hata mate, akapata homa. Bibi alimsukutulisha maji ya moto yenye chumvi, akampa ndimu na asali, na baada ya siku nne akapona. Nani angemkumbuka mtoto aliyeumwa koo siku nne? Tulisahau wote. Wiki mbili tatu baadaye goti lake la kulia likavimba, likawa jekundu, likauma hata shuka likiligusa. Kesho yake goti limenywea, kinachouma ni kifundo cha mguu wa kushoto. Keshokutwa ni kiwiko.

Bibi alimkanda, akamkanda tena, kisha akaacha. Alimwambia Mama, “Homa hukaa mahali pamoja. Hiki kinatembea. Na kinachotembea kina miguu yake.”

Halafu ikaja mikono. Mikono ya Mwajuma ilianza kucheza yenyewe. Ataushika mkono wa kushoto kwa ule wa kulia autulize, na bega litaruka. Uso ulikunjika na kukunjuka bila sababu. Alivunja bakuli mbili na kikombe cha Bibi cha maua. Shuleni mwandiko wake ukawa kama njia ya kaa mchangani, na watoto wakamwiga nyuma ya mgongo wake, wakirusha mikono na kutoa ndimi. Yeye mwenyewe alicheka. “Siwema,” aliniambia, “mkono wangu leo umekwenda sokoni peke yake. Sijui utaniletea nini.” Lakini usiku nilimsikia akilia kwenye kanga, kwa sababu tulilala kitanda kimoja.

Sasa hapo hakuna mtu kijijini aliyekuwa na shaka tena. Mtoto ana shetani, na shetani anataka ngoma. Bibi akamwita fundi wa kupunga, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole. Akaja alasiri na wenzake na ngoma zao. Waliweka sinia la mayai, maji ya waridi na ubani. Ngoma zilipoanza, mwili wa Mwajuma ulikuwa tayari unacheza, hata kabla ya mkono wa kwanza kugusa ngozi. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilisimama nyuma ya tangi la maji, nikaona jinsi Bibi alivyomtazama mjukuu wake. Haikuwa furaha. Ilikuwa ni nafuu ya mtu aliyekuwa akitafuta jina la kitu, na sasa amelipata.

Fundi alisema shetani huyo ni wa baharini, hana ubaya mkubwa, ila ana sharti moja: hataki chuma kimwingie mtoto mwilini. Asichanjwe, asitogwe masikio zaidi ya yalivyotogwa, asichomwe sindano. Akichomwa, shetani atakasirika na kumfunga pumzi.

Na ikawa, baada ya wiki kadhaa, mikono ikatulia. Ilitulia kidogo kidogo, kama mtoto anayechoka kulia. Baadaye daktari alinieleza kwamba kucheza kule kwa mikono huondoka kwenyewe, ngoma iwepo au isiwepo. Lakini sisi tungejuaje? Tulipiga ngoma, mikono ikatulia. Bibi hakujisifu. Alisema tu, “Mmeona?” Na sisi tulikuwa tumeona.

Kilichobaki ni pumzi. Mwajuma akichota maji alisimama mara tatu njiani. Usiku alijiinua na kuegemea ukuta, akaniambia nisimwambie Bibi. Mama alikuwa akimtazama kimya kimya. Siku Bibi alipokwenda msibani kijiji cha Kanga, Mama alifunga mlango, akatuchukua wote wawili, tukapanda gari mpaka Kilindoni, hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, amefunga ushungi mweupe. Mama alimpa “shikamoo” kwa wasiwasi ingawa yeye ndiye mkubwa kwa umri, na daktari akacheka, “Mimi ndiye wa kukuamkia, mama. Shikamoo.” Kisha akauliza maswali ambayo sikuyategemea. Hakuanza na kifua. Aliuliza, “Kabla ya haya yote, koo lilimuuma?” Mama akafikiri muda mrefu, akasema ndiyo. Aliuliza kama viungo viliuma kwa kuhama. Aliuliza kuhusu mikono. Mama alisita, akanitazama, akatazama chini, na mwisho akasema ilikuwa ikicheza. Daktari hakucheka wala hakukunja uso. Aliandika. Akamsikiliza Mwajuma moyo kwa kifaa chake, mbele, ubavuni, mgongoni, kisha akamlaza upande wa kushoto na kusikiliza tena akiwa amefumba macho.

Kwa kuwa nilikuwa nimekodoa macho, aliniita. “Njoo, usikilize wa kwako kwanza.” Nikasikia du-dup, du-dup, kama kinu kinachotwangwa mbali. “Sasa wa dada yako.” Kwa Mwajuma kinu kilikuwepo, lakini katikati ya mapigo kulikuwa na kitu kama mtu anayepuliza moto: du-fuu-dup, du-fuu-dup.

“Huo upepo,” daktari akamwambia Mama, “ni damu inayorudi ilikotoka. Moyo una milango midogo ndani yake. Milango ya mtoto wako imevimba, haifungi vizuri.” Alieleza kwamba vijidudu vya koo ndivyo vilivyoanzisha, kwamba mwili ukipigana navyo huchanganyikiwa na kujipiga wenyewe, viungo, ubongo, moyo. Viungo hupona. Mikono hupona. Moyo husahau polepole, na koo likiugua tena, ugonjwa hurudi ukiwa mkali zaidi. Kwa hiyo sindano, kila wiki ya nne, miaka mingi, hata akiwa mzima. Hasa akiwa mzima.

Akampa kadi ya kijani. Na sindano ya kwanza akachomwa pale pale.

Ni sindano inayouma sana, dawa yenyewe nzito. Mwajuma alipiga kelele moja, akainuka, akaanguka. Alizimia kama dakika moja, kwa hofu tu na kwa njaa ya tangu asubuhi, wauguzi wakamlaza wakamwinua miguu. Lakini mimi nilimwona amefunga pumzi. Nilimwona kwa macho yangu, kama alivyosema fundi. Na jioni ile, baada ya kufika nyumbani, mikono yake ikaanza tena kucheza, siku tatu.

Bibi aliporudi msibani alisikia yote yaliyotokea. Alimtazama Mama tu. Aliyanyamazia hayo wiki nne nzima, mpaka asubuhi ile ya sindano ya pili, niliyoanza nayo.

Mama alipoingia ndani kutafuta kanga ya kumkinga Mwajuma na jua, Bibi alinivuta nyuma ya jiko. Mkono wake ulinuka nazi. “Siwema, unampenda dada yako?”

“Ndiyo, Bibi.”

“Ulimwona alipoanguka?”

“Nilimwona.”

“Basi.” Alinipapasa kichwa, akarudi kwenye mbuzi yake.

Zahanati, ambako daktari alisema sindano zinazofuata zichomwe, ilikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu yetu. Mama alikuwa na oda ya makuti, na korosho zilikuwa zinadondoka, kwa hiyo tulikwenda wawili. Njiani kuna mkorosho mkubwa ambao matawi yake yamelala chini kama chumba. Tulipoufikia nilisimama.

“Dada, tusiende.”

“Na Mama?”

“Kadi ninayo mimi.”

Alinitazama. Nataka niseme ukweli hapa, kwa kuwa watu wakisimulia mambo haya humtupia mzigo bibi kizee. Bibi hakunituma. Mwajuma hakuniomba. Wazo lilikuwa langu, na nililitoa kwa mapenzi. Tuliingia ndani ya matawi, tukala mabungo mawili niliyokuwa nayo, tukakaa mpaka kivuli kilipozunguka. Kisha nikatoa kalamu. Nilikuwa wa kwanza darasani kwa mwandiko, mwalimu alikuwa akiwaonyesha wenzangu daftari langu. Kwenye kadi muuguzi alikuwa ameandika tarehe, na sahihi yake fupi iliyopinda kama ndoana. Nikaandika tarehe chini yake. Nikapinda ndoana.

“Sasa uchechemee,” nikamwambia.

Alichechemea mguu wa kulia tangu tulipouona mnazi wa mpaka wetu. Lakini uwanjani kuku alimpitia miguuni, akaruka, na aliposimama tena alianza kuchechemea wa kushoto. Mama alikuwa amekaa kwenye jamvi la makuti. Alimtazama, akaangua kicheko.

“Haa! Sindano gani hii inayohama mguu?”

Mwajuma akasema, “Wamenichoma kote, Mama,” na wote wakacheka, hata mimi nikacheka. Mama akanyanyuka, akaingia jikoni, akamchemshia Mwajuma yai. Kwetu yai lilikuwa la kuuza. Lakini siku ile, na kila siku ya sindano baada ya ile, Mama alichemsha yai moja, akalimenya mwenyewe, akatia chumvi, akampa. Na Mwajuma kila mara alilikata katikati akanipa nusu. Nilikula nusu tisa. Tangu niwe na akili timamu, sili yai la kuchemsha.

Miezi tisa dada yangu alikuwa mzima. Sijui niseme hivyo au niseme alionekana mzima. Alinenepa. Aliruka kamba. Mwandiko wake ulirudi, si mzuri, lakini ulisomeka. Alichota maji bila kusimama. Kila mwezi tulipokaa chini ya mkorosho nilimtazama nikasema moyoni, unaona, shetani ameridhika. Sindano ile haikuwa ya kumponya kitu kinachoonekana. Ilikuwa mlinzi wa kukaa mlangoni, na nani anamkumbuka mlinzi wakati hakuna mwizi?

Masika iliyofuata Mwajuma aliumwa koo tena.

Safari hii haikusubiri. Viungo viliuma siku chache tu, halafu miguu ikavimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Alishindwa kulala chini kabisa. Mama hakumuuliza mtu ruhusa. Tulifika Kilindoni Mwajuma akiwa ameegemea kifua cha Mama, midomo imebadilika rangi.

Daktari alikuwa yule yule. Alimkumbuka. Akamsikiliza, akasikiliza tena, kisha akaomba kadi. Akaifungua, akapitisha kidole kwenye tarehe polepole, mstari hadi mstari.

“Hajakosa hata mwezi mmoja,” alisema. “Nani anampeleka?”

“Mdogo wake huyu,” Mama akasema, akaniwekea mkono begani.

Daktari alinitazama na kutabasamu kwa uchovu. “Hongera, mdogo wangu. Watu wazima wananishinda, wewe mtoto hukukosa.” Halafu akamgeukia mwenzake, akasema kwa sauti ya chini, lakini nilisikia: “Kama amechomwa zote hizi, basi si kurudi kwa ile homa. Kuna kitu kingine. Tukitafute.”

Wakaanza kukitafuta. Nimekuja kuelewa baadaye kwamba ugonjwa ule hauna kipimo kimoja kinachosema ndiyo au hapana. Daktari hukusanya vitu vingi, koo, viungo, mlio wa moyo, damu, habari za mgonjwa za nyuma, anaviweka pamoja kama kadhi anayesikiliza mashahidi. Na mimi nilikuwa nimepeleka shahidi wa uongo mwenye mwandiko mzuri. Walimtoa damu mara nyingi. Walichukua makohozi wakidhani ni kifua kikuu kimeingia kwenye ngozi ya moyo. Walimpiga picha ya kifua. Kila walipokuja na chupa nyingine, Mwajuma alinyoosha mkono na kunitazama juu ya bega la muuguzi. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, anahema kama aliyekimbia, na hakunisema.

Nilivumilia siku mbili. Siku ya tatu asubuhi nilimfuata daktari ukumbini. Nilikuwa nimejipangia maneno, yote yakapotea. Nilisema tu, “Ndoana ni zangu.”

“Ndoana gani?”

Nikamwonyesha kwenye kadi. Ya kwanza ya muuguzi. Nyingine mimi.

Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. “Ngapi?”

“Tisa.”

Sikuona hasira. Afadhali ningeiona. Alifumba macho kama alivyofanya siku ile akisikiliza moyo. “Mama yako anajua?”

“Hapana.”

“Utamwambia mwenyewe siku utakayoweza. Mimi ninachohitaji kujua nimekijua.” Akasimama, akapiga hatua mbili, akarudi. “Umefanya vizuri kuniambia. Lakini ungeniambia juzi.” Kisha akaenda haraka, karibu mbio, na saa ile ile dawa zikabadilishwa.

Juzi. Neno dogo kiasi gani. Nimelala nalo kila siku tangu hapo.

Mwajuma hakufa mwaka ule. Alipata nafuu, tukarudi nyumbani, na tangu hapo alichomwa kila sindano kwa wakati wake. Bibi hakupinga tena. Siku za sindano alikwenda shambani mapema, arudi tumeshafika. Lakini milango ilikuwa imeharibika. Tulipelekwa Dar es Salaam kwa kipimo kikubwa, kile cha kuuona moyo kwenye kioo kama televisheni. Chumba kilikuwa giza. Fundi wa kipimo alipaka mafuta kifuani mwa Mwajuma, akapitisha kitu kama kitana, na moyo wa dada yangu ukatokea, mweupe na mweusi, unafumba na kufumbua. Alituonyesha mlango mmoja uliotakiwa kupepea kama jani. Huo haukupepea. Ulikuwa umekuwa mnene na mgumu kama ngozi ya samaki iliyoanikwa. “Huu ndio wa kubadilishwa,” alisema. Wakaandika jina lake kwenye orodha ya kupasuliwa, tukasubiri.

Nilikuwa kidato cha pili alipozidiwa. Mama hakuweza kuwa shambani, na kwenye makuti, na hospitali kwa wakati mmoja. Niliacha shule kwa muhula, kisha muhula ukawa mwaka. Sikulazimishwa. Nilimwogesha, nikampa dawa zake za kupunguza maji mwilini, nikampangia mito. Nilikuwa nikimsomea vitabu vyangu vya shule kwa sauti, hata vya hesabu, kwa kuwa alipenda kusikia mtu anasoma.

Siku moja alinikatiza. “Siwema, unanilea kama mtu anayelipa.”

Nikafunga kitabu.

“Tulikaa wote chini ya mkorosho,” akasema. “Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa.”

Alifariki Ijumaa, jua limeshapanda, akiwa amekaa. Alikuwa na miaka kumi na minane. Bibi ndiye aliyemwosha pamoja na wanawake wengine. Aliosha mikono ile muda mrefu, kidole kwa kidole, mpaka wenzake wakamwambia, “Bi Mkubwa, inatosha.” Tangu siku hiyo sijamsikia akitaja shetani yeyote wa baharini. Lakini mtoto yeyote akipita uwanjani kwetu na sauti ya koo, Bibi humwita, humfungua mdomo, hutazama ndani kwa macho yake mabovu yasiyoona kitu, na kusema, “Mwambie mama yako akupeleke zahanati. Leo.” Si kesho. Nadhani hiyo ndiyo toba yake. Anaitoa kwa watoto wa wengine.

Sasa nina miaka kumi na minane mimi pia. Nimefikia umri wake, na mwakani nitaupita, jambo ambalo kwa mdogo mtu si halali. Nimekuwa nikijiuliza kama tulikuwa wajinga. Sidhani. Tulikuwa watu waliotazama kwa makini. Tuliona maumivu yakihama, tuliona mikono ikicheza, tuliona ikitulia baada ya ngoma, tuliona mtoto akianguka baada ya sindano. Kila tulichokiona kilikuwa kweli. Tulikosea katika kuviunganisha. Na mimi nilikosea zaidi, kwa kuwa yule aliyejua kuviunganisha nilimfumba macho kwa kalamu.

Mwezi uliopita niliamua kurudi kusoma, darasa la jioni la wale walioacha njiani. Walitaka cheti cha kuzaliwa. Mama huweka karatasi zote kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Nilikifungua kifurushi cha nailoni nikidhani ni vyeti, nikakuta kadi ya kijani. Alikuwa ameitunza. Mistari yangu tisa ilikuwa bado haijafifia, mizuri, imenyooka.

Mama alikuwa anajifunga kanga kwenda shambani. Nilikwenda nayo mpaka uwanjani. Nilisema yote, nikisimama, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma darasani: mkorosho, mabungo, kalamu, ndoana. Nilisema nilikula nusu ya kila yai. Nilimaliza nikasubiri anipige, au alie, au anifukuze. Alikuwa amenipa mgongo, anatafuta jembe nyuma ya mlango wa jiko, na aliendelea kulitafuta muda mrefu kuliko inavyohitajika kutafuta jembe.

Kisha akatoka, akasimama mlangoni, mkono mmoja kwenye mwimo, hakunitazama.

“Sindano haihami mguu, Siwema. Nilijua tangu siku ile ya kwanza. Nilimchemshia yai kwa kuwa hamkwenda, mmerudi salama, na mimi nilikuwa naiogopa sindano ile kuliko bibi yako.”